Ukikodi boti ya mfereji, jua umekodi maji

Mwaka juzi asubuhi moja niliamka nimeegemea ukuta. Kitanda kimeinama, birika liko sakafuni, kabati limefunguka lenyewe na vikombe viwili vimeshakwenda, nikafungua mlango wa nyuma nikakuta matope pale ambapo jana yake jioni bata walikuwa wanaogelea. Boti yangu ni ya chuma, tani kumi na kitu, na ilikuwa imelala ubavu kama kiboko aliyekosa mto. Kumbe usiku kuna watu wa likizo walipita kwenye loki ya chini yetu (loki ni kile chumba cha maji chenye mageti huku na huku, kinachopandisha na kushusha boti) wakasahau kufunga kizibo kimoja tu (kilango kidogo cha kupitishia maji) cha geti la chini, na geti la juu la loki hiyo lilikuwa linavuja kama chujio, basi maji ya kipande chote cha mfereji yakawa yanateremka taratibu usiku kucha sisi tumelala.

Sikuwatukana, wala sikuwajua. Ila nimekaa na jambo hili mpaka leo kwa sababu nadhani ndo limebeba kila kitu kinachonisumbua kuhusu likizo za mifereji hapa Uingereza, na kuhusu mifereji yenyewe inavyoendeshwa. Watu wanauziwa mandhari. Picha ya boti iliyopakwa rangi nyekundu na kijani, maua juu ya paa, chai mkononi, daraja la matofali nyuma yake. Hakuna anayewaambia kwamba wamepanda juu ya mashine, tena mashine ya zaidi ya miaka 200, na kinachoiendesha ni maji, na maji yenyewe hayapo ya kumwaga.

Ngoja nieleze loki kidogo maana bila hapo mengine hayaeleweki. Loki moja ya hizi nyembamba inakula zaidi ya lita laki moja za maji kila inapojazwa na kumwagwa. Hayo maji hayarudi juu yenyewe. Mfereji unaovuka kilima una sehemu ya juu kabisa, tuite kilele, na boti ikipanda mpaka kileleni alafu ikashuka upande wa pili inakuwa imechota pale kileleni loki mbili nzima, moja ya kupandia na moja ya kushukia. Boti moja hiyo. Zidisha kwa boti za mwezi wa nane. Maji ya kileleni yanatoka kwenye mabwawa, na chombo kinachosimamia mifereji mingi ya Uingereza na Wales, Canal & River Trust, kina mabwawa zaidi ya 70 ya kazi hiyo. Kwa hiyo ukifika lokini ukaona imejaa tayari na boti nyingine inakuja kutoka juu, msubiri huyo mtu aingie ashuke, alafu wewe upande kwa chumba hichohicho kilichokwisha kumwagwa. Maji yaleyale yanatumika na boti mbili. Dakika kumi za kusubiri. Watu wa likizo hawasubiri, wanaigeuza loki, yani wanamwaga maji yote ili wao wapite kwanza, manake wameambiwa wamekodi wiki moja na wana mzunguko wa kumaliza.

Alafu mtu ananiuliza kwanini mfereji umefungwa kwa ukame. Kiangazi cha 2025 njia kadhaa za kaskazini zilifungwa kwa sababu mabwawa yalikuwa chini, Leeds & Liverpool ikiwemo, na nilisoma watu wanalalamika kana kwamba mtu fulani kafunga bomba kwa roho mbaya.

Wembamba wa hizi boti nao ni habari ya maji na pesa. Wageni wanashangaa, urefu mita 15, 18, hata 21, upana mita mbili na kidogo tu, unaishi kama ndani ya korido ya treni. Mwenye kulaumiwa ni James Brindley, fundi wa vinu ambaye kuandika kwenyewe kulikuwa kwa shida. Huyu ndo aliyefanya kazi ya mfereji wa Bridgewater, uliofunguliwa 1761 kupeleka makaa ya mawe Manchester kutoka machimbo ya Worsley. Mfereji ule ni mpana. Lakini alipokuja kwenye Trent & Mersey, wenye vilima na handaki refu la kuchimba, kwa sehemu kubwa akachagua loki za upana wa futi 7. Loki nyembamba ina matofali machache, na inakunywa nusu ya maji ya loki pana. Wengine wakamfuata, na ndo maana karne mbili na nusu baadaye mimi nalala kitanda ambacho mtu wa pili akitaka kutoka usiku lazima anikanyage.

Wafaransa walilijua hili la maji mapema zaidi. Canal du Midi ilifunguliwa 1681, kilomita 240 hivi kutoka Toulouse mpaka bahari ya Mediterania, na Pierre-Paul Riquet aliyeijenga alikufa miezi michache kabla haijafunguliwa. Kila mtu anasifia loki zake zenye umbo la yai, miti kando, kila kitu. Ila akili ya yule bwana haikuwa kwenye kuchimba mtaro, mtaro anachimba yeyote, akili ilikuwa ni kuona kwamba unaweza kukusanya vijito vya milima ya Montagne Noire, ukaviweka kwenye bwawa la Saint-Ferréol, ukavileta mpaka Naurouze ambapo ndo kilele, na kutoka hapo maji yagawanyike upande huu yaende Atlantiki na upande ule yaende Mediterania. Bila hilo angekuwa na shimo refu la vumbi.

Sasa turudi kwenye likizo. Mtu anakodi boti, leseni ya udereva haitakiwi, anapewa maelekezo ya saa moja au mbili, na anaondoka na tani 15 za chuma. Mimi sina tatizo na hilo, kiukweli ni moja ya mambo mazuri ya hii nchi kwamba mtu wa kawaida anaweza kushika kana (mpini wa usukani) siku ya kwanza na akafika. Tatizo langu ni hesabu anayopewa. Mabaharia wa mifereji wana kanuni ya zamani: loki moja ihesabu kama maili moja, alafu gawanya kwa tatu upate saa. Njia ya Worcester & Birmingham ina maili 30 na loki 58. Kwa macho ya mwenye gari maili 30 ni mwendo wa kwenda kununua mkate. Kwa kanuni yetu ni 88 gawanya kwa 3, saa 29 na ushee, na hizo ni saa za kufanya kazi, sio za kukaa na chai. Pale Tardebigge peke yake kuna loki 30 zimefuatana ndani ya maili mbili na robo, zinapanda mita 67. Unazungusha hendeli, unafungua vizibo, unasubiri, unasukuma geti kwa makalio, unafunga vizibo, unatembea, unaanza tena, mara 30. Nimeona familia zimefika juu hazisemeshani.

Speed limiti ni maili 4 kwa saa na hata hiyo ni nyingi. Ukipita boti zilizofungwa kando kwa mwendo huo unazivuta, maji yanakimbilia chini ya boti yako yanaziburuta zile nyingine, vigingi vinang'oka, sufuria ya mtu inamwagika. Kila mwenye boti ana hadithi ya kupiga kelele "punguza mwendo" dirishani akiwa na mswaki mdomoni. Na mimi nimeshapigiwa hizo kelele, tena nilistahili, ilikuwa mvua na nilitaka kufika.

Kitu kimoja tu nitakisema kwa ukali, kizingiti. Ndani ya loki, upande wa geti la juu, kuna ngazi ya zege au mawe chini ya maji, na ukutani kuna mstari mweupe unaoonesha inapoishia. Ukishuka, tezi ya boti (sehemu ya nyuma) ikabaki nyuma ya huo mstari, maji yanashuka, omo (sehemu ya mbele) inashuka na maji, tezi imekaa juu ya kizingiti, na boti inainama mpaka maji yanaingia mbele. Inachukua dakika chache boti nzima kwenda chini na watu wakiwemo. Kwa hiyo anayeshika kana haachi kana, hachungulii simu, na aliye kwenye vizibo hamtoi macho aliye kwenye boti. Ikikwama, funga vizibo vya chini kwanza, kelele baadaye. Hayo mengine yote, kugonga daraja, kukwama kwenye matope na kujisukuma kwa upondo, kumvalisha mti wa pembeni kofia yako, ni burudani.

Foxton nayo nitaitaja maana naipenda. Loki 10, ngazi mbili za loki tano tano, ndani ya kila ngazi hakuna kipande cha mfereji katikati, geti la juu la loki hii ndo geti la chini la loki ile. Vizibo vimepakwa rangi, vyekundu na vyeupe, na utaratibu ni kufungua chekundu kwanza ndo cheupe. Kuna mabwawa ya pembeni yanayopokea maji ya loki moja na kuyatoa kwa loki inayofuata. Ukigeuza rangi unafurika. Kuna watu wa kujitolea pale wanaosimama na kukuelekeza, wengi wastaafu, na sijawahi kuona mtu wa likizo aliyeelekezwa pale akatoka bila kuelewa mfereji ni nini. Robo saa pale inashinda video kumi. Laiti kila wiki ya kukodi ingeanzia Foxton.

Ya likizo ni hayo. Ya kila siku ndo hayapigwi picha. Nimekaa kwenye boti majira matatu ya baridi bila maegesho ya kudumu kabla sijapata ninapolipia sasa, na watu wakinitembelea swali la kwanza ni zuri sana, "unapata amani eh?", swali la pili ni choo kinaenda wapi. Choo kinaenda nami. Kuna wenye tangi kubwa la kunyonywa na mashine marinani (bandari ndogo ya boti), kuna wenye kisanduku cha kubeba mkononi mpaka kwenye kituo cha kumwagia, mimi nina cha kisanduku, na kila mwenye kisanduku anajua ramani ya nchi hii kwa vituo vya kumwagia, sio kwa miji. Mabomba ya maji yakiganda Januari, au mfereji ukishika barafu ukashindwa kusogea, unajifunza kuosha vyombo kwa kikombe kimoja. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963 mifereji iliganda kwa wiki nyingi, na biashara ya mizigo iliyokuwa inapumulia puani ikafa karibu yote. Sasa wewe unalia kwa siku nne.

Unyevu unaotokana na pumzi zako mwenyewe ni adui kuliko mvua. Chuma ni baridi, pumzi inagonga chuma inakuwa maji, maji yanatiririka nyuma ya godoro, godoro linaota ukungu. Dawa ni kuacha matundu ya hewa wazi wakati mwili wote unataka uyazibe, na hayo matundu usiyazibe kabisa, kwasababu jiko la kuni na la gesi vinaweza kukuua kimyakimya. Tangu 2019 alamu ya kaboni monoksaidi ni lazima kwenye boti, inakaguliwa kwenye ule ukaguzi wa usalama wa kila miaka minne, na hii ni sheria ambayo sijawahi kusikia mwenye boti hata mbishi kiasi gani akiipinga.

Alafu chini. Wahenga walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa mwenye boti ya chuma hiyo ni ratiba ya matengenezo. Bamba la chini huwa milimita 10, pembeni 6, kabini 4, na kutu haina haraka. Kila miaka miwili mitatu boti inatolewa majini, inasuguliwa, inapakwa lami, vipande vya magnesiamu vinachomelewa upya ili vyenyewe viliwe badala ya bamba. Ndo wakati ambao pochi inakonda. Mtu aliyenunua boti kwa sababu "ni rahisi kuliko nyumba" huwa anagundua hapo kwamba nyumba haitolewi ardhini kila mwaka wa tatu ikapakwa rangi tumboni.

Na kusogea. Sheria ya British Waterways ya 1995 inasema mwenye boti asiye na maegesho ya kudumu asikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo. Kwenye karatasi ni rahisi. Ukiwa na kazi ya zamu, mtoto wa shule, mgonjwa wa kumuona kila wiki hospitali moja, hizo siku 14 ndo kalenda yako ya kweli. Nimeona mtu anasogeza boti saa tatu usiku na taa ya kichwani kwenye mvua ya mawe kwa sababu ndo siku ya 14 na kesho yupo kazini.

Hapo ndo pesa inaingia, na hapo ndo mawazo yangu yanaachana na ya wenzangu wengi wa marinani. Kuanzia Aprili 2024 wasio na maegesho ya kudumu wanaongezewa asilimia juu ya leseni, imeanza na 5 na inapanda hatua kwa hatua mpaka 25 mwaka 2028, na boti pana nazo zina nyongeza yao. Mimi hainigusi, nina maegesho. Wenzangu wanasema ni haki, hao wanatumia mfereji zaidi, wanasogea zaidi, wanatumia bomba na vituo zaidi. Naielewa hoja. Lakini hebu tumalizie hesabu. Serikali ilitangaza 2023 kwamba ruzuku ya mifereji, ambayo ni zaidi kidogo ya pauni milioni 50 kwa mwaka, itabadilika kuanzia 2027: jumla ya kama pauni milioni 400 kwa miaka kumi, ikipungua kila mwaka. Pengo hilo hata ukiwakamua wakaaji wa boti mpaka tone la mwisho hulizibi. Njia za maji zinazosimamiwa ni kilomita 3,200 hivi, madaraja, mahandaki, kingo, mabwawa.

Nani anatumia hivyo vitu? Simama saa moja njia ya kando ya maji Jumapili ya jua alafu hesabu. Utapitwa na waendesha baiskeli, wakimbiaji, wenye mbwa, mama na kigari cha mtoto, wavuvi na viti vyao, na labda boti mbili. Wote hao hawalipi chochote pale, na sisemi walipe, sitaki geti la tiketi kwenye njia hiyo. Nasema kwamba kitu kinachotumiwa na kila mtu bure analipia kila mtu kupitia kodi, au kinabomoka.

Na kikibomoka hakibomoki kwa wenye boti tu. Agosti 2019 bwawa la Toddbrook, linalolisha mfereji wa Peak Forest, lilipasuka mtaro wake wa kutolea maji baada ya mvua kubwa, na watu kama 1,500 wa mji wa Whaley Bridge chini yake wakahamishwa majumbani mwao kwa siku kadhaa huku helikopta ya jeshi inamwaga mifuko ya mawe kuziba. Wengi wa wale watu nadhani hawajawahi kushika hendeli. Bwawa la mfereji lilikuwa juu ya vichwa vyao muda wote kama kitu cha mandhari, mahali pa kutembeza mbwa, mpaka siku lilipokumbusha kwamba ni tangi.

Huu ugomvi wa mfereji ni wa nani sio mpya. 1946 ilianzishwa Inland Waterways Association, chama cha kutetea mifereji, na majina mawili makubwa ya mwanzo ni Tom Rolt, aliyeishi kwenye boti yake Cressy, na Robert Aickman. Mifereji ilikuwa imechakaa, mwaka 1948 ikawa mali ya umma, na nyingi zilikuwa zinangoja kufukiwa. Aickman alitaka iokolewe yote, kila maili, hata ile iliyojaa nyasi. Rolt alikuwa upande wa kuokoa kwanza njia zenye uhai na watu wa mizigo waliokuwa bado wanaishi juu yake. Wakagombana, na kufika 1951 Rolt akawa nje ya chama. Kimahesabu Aickman alishinda: njia nyingi zilizokuwa zimekufa leo unapita, Kennet & Avon ilifunguliwa tena 1990 na loki zake 29 za Caen Hill, handaki la Standedge 2001. Kilichozifufua ni likizo na jasho la watu wa kujitolea. Kwa hiyo mimi mwenye kulalamika hapa kuhusu watu wa likizo, bila wao nisingekuwa na mahali pa kuelea, hilo nalijua. Lakini Rolt naye alikuwa na lake, maana hao watu wa mizigo waliondoka, na kazi waliyokuwa wanaifanya bila kuambiwa, kufunga vizibo, kuokoa maji, kumsubiri mwenzako anayekuja, ikawa haina mwenyewe. Sheria ya 1968 ikazigawa njia kwenye mafungu, za biashara, za kutembelea, na "zilizobaki". Angalia hilo neno. Hata sheria ilikuwa imeshaanza kuona sehemu ya mashine kama makombo.

Ile asubuhi ya matope alikuja kijana mmoja wa matengenezo kabla hata sijapata chai, hakuuliza nani kafanya. Alifunga kizibo, akapanda juu loki tatu, akaanza kuteremsha maji kidogo kidogo, maana ukiyaachia yote unahamisha ukavu kutoka kwangu kwenda kwa jirani wa juu. Ilichukua karibu saa tatu. Nilikaa kwenye ukingo nikaangalia boti inanyooka, sentimita kwa sentimita, mpaka vikombe vilivyobaki vikaacha kuteleza.

Mwezi wa saba napanda Tardebigge na shemeji yangu ambaye hajawahi kugusa hendeli na tayari ameniuliza kama kuna wai-fai. Nimemwambia aje na glavu, viatu vya kuloana, na asilete lile sanduku lake la magurudumu kwa sababu halina pa kukaa. Loki mbili za kwanza tutaendesha kana kwa zamu, ya tatu namwachia vizibo. Akisahau kufunga, anarudi kwa miguu.